Sikio Halitoshi: Namna ya Kutenganisha Maneno ya Kiingereza Yanayosikika Sawa

Pita mtaa wowote wenye maduka ya fotokopi, iwe Dar es Salaam au Nakuru, na haitachukua muda kukutana na kibao kilichoandikwa "STATIONARY" kwa herufi kubwa za rangi. Mwenye duka alitaka kusema anauza karatasi, kalamu na bahasha. Kibao chake kinasema duka limesimama, halisogei. Maofisini nako kuna barua zinazomalizika kwa "fill free to contact me", maombi ya kazi yaliyoambatishwa "living certificate", na matangazo ya kuomba radhi yanayosomeka "please bare with us", kana kwamba wateja wanaombwa wavue nguo.

Makosa haya hayafanywi na watu wasiojua Kiingereza. Aliyeandika "fill free" anajua vizuri anachotaka kusema, na akikisema kwa mdomo anaeleweka. Amekosea kwa sababu ameandika alichosikia, na kwa Kiswahili hiyo ndiyo njia sahihi. Kamati iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili cha Afrika Mashariki ilikabidhiwa lugha ambayo maandishi yake ya Kirumi yanafuata matamshi, ikayalinda hivyo. Tangu darasa la kwanza tumeimba ba, be, bi, bo, bu, na sikio halikutuangusha.

Kiingereza hakikupata bahati hiyo. William Caxton alileta mashine ya uchapaji Westminster mwaka 1476, na wachapaji wakaanza kuzoesha macho ya watu tahajia fulani wakati irabu za lugha zilikuwa katikati ya mabadiliko makubwa yaliyodumu takriban kati ya mwaka 1400 na 1700. Midomo ikaendelea na safari, maandishi yakabaki njiani. "Knight" ilitamkwa k yake ikisikika na gh yake ikikwaruza koo. Leo haina tofauti ya sauti na "night". "Meat" na "meet" zilikuwa na irabu mbili tofauti, kisha zikagongana. Ndiyo maana kuuliza "neno hili linasikikaje?" hakusaidii unapoandika. Maswali yanayosaidia ni mawili: neno hili linafanya kazi gani katika sentensi, na ndugu zake ni nani?

Hatua ya kwanza: tambua ni mtego upi

Maneno haya huchanganywa kwa sababu tatu, na dawa ya moja haitibu nyingine.

Yapo yanayosikika sawa hata kwa Mwingereza aliyezaliwa London: "their" na "there", "its" na "it's", "principal" na "principle". Hapa matamshi mazuri hayakusaidii chochote, na wenye lugha wenyewe hukosea kila siku. Yapo ambayo Mwingereza anayasikia tofauti kabisa lakini sisi tunayaunganisha kwa sababu ya lugha tulizokulia: "live" na "leave", "staff" na "stuff", "want" na "won't". Haya yanahitaji kufunza sikio. Kisha yapo yanayokaribiana tu kwa sura na sauti, kama "advice" na "advise", au "lose" na "loose", na haya yana kanuni nzuri ambayo walimu wengi hawaifundishi, nayo nitaifikia.

Kabla ya kuendelea chukua kurasa chache ulizoandika mwenyewe kwa Kiingereza, barua pepe au ripoti, na utafute makosa ya aina hii. Utagundua hukosei maneno mia. Unakosea kumi, kumi na tano, yaleyale kila mara. Yaandike pembeni. Orodha ndefu za intaneti zenye jozi mia mbili huchosha na husahaulika; orodha yako fupi ndiyo yenye faida.

Hatua ya pili: fanya Kiswahili kiwe kipimo

Kwa maneno madogomadogo ya kisarufi, anayejua Kiswahili ana faida kubwa kuliko Mwingereza. Pale ambapo Kiingereza kimerundika sauti moja, Kiswahili kina viambishi tofauti visivyoweza kuchanganywa hata na mtoto.

Angalia "their", "there" na "they're". Ukitafsiri sentensi yako moyoni na kupata -ao, yaani yao, wao, zao, lao, andika "their". Ukipata pale, huko au kuna, andika "there". Ukipata kiambishi wa- mwanzoni mwa kitenzi, au wao ni, andika "they're". "Wanakuja na mizigo yao, waweke pale" inatoa zote tatu: "They're coming with their luggage, put it there." Hakuna Mswahili atakayesema "wanakuja na mizigo pale" akimaanisha mizigo yao. Basi hakuna sababu ya kuandika "there luggage".

Kipimo hichohicho kinafaa kwa wengine. Ukipata -ako, ni "your". Ukipata wewe ni au kiambishi u-, ni "you're". Ukipata -a nani, au ambaye pamoja na -ake, ni "whose". Ukipata nani ni, au nani ana-, ni "who's". "Than" ni kuliko, "then" ni kisha. "Too" ni mno au pia; "to" ni kwa, au ile ku- ya kitenzi. "Whether" ni kama au iwapo, na "weather" ni hali ya hewa. "Accept" ni kubali, "except" ni isipokuwa.

"Its" na "it's" zina usumbufu zaidi kwa sababu ya ritifaa, ile alama tunayoitumia kwenye ng'ombe. Kiingereza kimetuzoesha kwamba ritifaa huonyesha umiliki, kama katika "Juma's phone", kwa hiyo mkono unakimbilia kuandika "the company lost it's licence". Lakini viwakilishi vya umiliki havina ritifaa: "his" haina, "hers" haina, "ours" na "theirs" hazina, na "its" iko kwenye ukoo huo. Ukipata -ake, yaani leseni yake, weka ritifaa pembeni. Ukipata ni, au -me- ya wakati timilifu, ndipo ritifaa inapoingia: "it's late" ni usiku umeingia, "it's been fixed" ni kimetengenezwa.

Kuna njia ya mkato kwa barua za kikazi. Maandishi rasmi ya Kiingereza hayapendi mikato, kwa hiyo fanya azimio la kutoandika "it's", "they're", "you're" wala "who's" kabisa. Andika "it is" kwa ukamilifu. Ikiwa sentensi inavunjika ukiandika kwa ukamilifu, basi ulikuwa unahitaji ile isiyo na ritifaa. "The company lost it is licence" haisomeki, na jibu umelipata bila kufungua kitabu.

Hatua ya tatu: jina au kitenzi?

"Affect" na "effect" zinaongoza kwa kusumbua watu wenye shahada, na mimi huwa nashangaa kwa nini wanafunzi wa Kiswahili wanafundishwa jozi hii kwa mbinu za Kiingereza wakati lugha yao imeshaimaliza. "Affect" ni athiri. "Effect" ni athari. Hakuna anayesema "mvua imeathari mazao" wala "athiri ya mvua ni kubwa". Basi: "The rain affected the crops", mvua iliathiri, "the effect of the rain", athari ya mvua. Kuna matumizi moja adimu ya "effect" kama kitenzi, lenye maana ya kuleta au kutekeleza, kwa mfano "to effect a change" au "to effect payment" kwenye nyaraka za benki. Ukikutana nalo usilisahihishe.

Sasa ile kanuni niliyoahidi. Kumbuka somo la fonolojia: konsonanti ghuna hutikisa nyuzi za sauti, sighuna hazitikisi. S haina ghuna, z inayo. F haina, v inayo. Th ya thamani haina, dh ya dhamana inayo. Kiswahili kina sauti hizi zote sita, na hapo ndipo tunapomshinda Mfaransa au Mjerumani, ambaye th na dh kwake ni mlima.

Katika jozi nyingi za Kiingereza, jina humalizika kwa sauti isiyo na ghuna na kitenzi humalizika kwa ghuna. "Advice" ni ushauri na inaishia na s. "Advise" ni kushauri na inaishia na z. "Device" ni kifaa, "devise" ni kubuni. "Belief" ni imani, "believe" ni kuamini. "Proof" ni ushahidi, "prove" ni kuthibitisha. "Relief" na "relieve", "grief" na "grieve", "half" na "halve" zinafuata mstari uleule. "Breath" ni pumzi, na inaishia na th ya thamani. "Breathe" ni kupumua, na inaishia na dh ya dhamana. Hata neno lililoandikwa kwa namna moja hutii: "use" ikiwa jina ina s, ikiwa kitenzi ina z. Ndivyo ilivyo pia kwa "house".

Sifa nazo hukaa upande wa majina. "Loose" ni legevu, inaishia na s. "Lose" ni kupoteza au kushindwa, ni kitenzi, kwa hiyo z. Kwa tahajia, kumbuka kwamba "lose" imepoteza o moja. "Safe" ni salama, "save" ni kuokoa. "Close" yenye s ni karibu, yenye z ni kufunga.

Ukishaishika kanuni hii, jozi mbili za tahajia ya Uingereza zinajipanga zenyewe. "Practice" na "practise" zinasikika sawa, "licence" na "license" pia, lakini waandishi wa Uingereza huzifuatisha na "advice" na "advise": c kwa jina, s kwa kitenzi. Leseni ya udereva ni "driving licence". Duka lililopewa leseni ni "licensed", kwa s, kwa kuwa limetokana na kitenzi. Angalizo: "price" na "prize" haziingii humu. Zote ni majina hapa, bei na zawadi, tofauti yake ni s na z tu, na shule iliyochapisha kadi za "price giving day" imewaalika wazazi kugawiwa bei.

Hatua ya nne: laza si lala

Jozi hizi ningetamani zingefundishwa siku moja na kauli za vitenzi vya Kiswahili, maana ni somo lilelile.

Lala haihitaji kitu cha kulazwa, laza inahitaji. Mtoto analala, mama anamlaza mtoto. Kiingereza nacho kina "lie" kwa lala na "lay" kwa laza au weka. "The child lies on the mat", "lay the child on the mat". Kuku hutaga kwa "lay" kwa sababu kuna mayai yanayowekwa. Anayesema "I want to lay down" ameacha swali: anataka kumlaza nani?

Hivyohivyo, inuka au panda ni "rise", inua au pandisha ni "raise". Bei zimepanda: "prices have risen". Wenye maduka wamepandisha bei: "shopkeepers have raised prices". Kaa ni "sit", weka ni "set". Anguka ni "fall", na kuangusha mti kwa shoka ni "fell". Kipimo ni kimoja: ukisikia kauli ya kutendesha, au kitenzi kinachodai shamirisho, chukua "lay", "raise", "set", "fell".

Ugumu unakuja kwenye wakati uliopita, na hapa sina njia ya mkato isipokuwa kukariri. Jana nililala chini ni "I lay down", neno lilelile la laza ya leo. Nimelala ni "I have lain". Jana nililaza au niliweka ni "I laid", na nimeweka ni "I have laid". Kusema uongo ni "lie", "lied", "lied". Panda ni "rise", "rose", "risen". Pandisha ni "raise", "raised", "raised". "Fell" pia ndiyo jana ya "fall". Waingereza na Wamarekani wengi huvuruga "lie" na "lay" katika mazungumzo, usishtuke ukiwasikia, ila mhariri na mtahini hawatakuvumilia wewe.

Katika ukoo huu wa nyakati kuna wengine wawili wa kuangalia. "Led" ni wakati uliopita wa "lead", kuongoza. Watu huandika "he lead the team" wakiiga "read", ambayo haibadiliki kwa maandishi. Tena, "lead" ile ya madini ya risasi inasikika kama "led", jambo linaloongeza vurugu. Na "passed" ni kitenzi tu: kufaulu, kupita, kupitisha. "Past" ni kila kitu kingine, wakati uliopita au kupita mbele ya mahali. "She passed the exam", lakini "she walked past the school", kwa kuwa kitenzi tayari kipo, ni "walked".

Hatua ya tano: vyumba vitano, wapangaji ishirini

Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza cha Uingereza, kwa hesabu ya kawaida ya wanafonetiki, kina kama 20, ukijumlisha zile zinazoteleza kutoka irabu moja hadi nyingine. Wapangaji ishirini wakiingia vyumba vitano, lazima walale wanne wanne. "Hat", "hut", "heart" na "hurt", yaani kofia, kibanda, moyo na kuumiza, zote hujibanza kwenye a yetu.

Tuanze na chumba cha i, kwa sababu ndicho kinachoharibu barua nyingi. Kiingereza kina i ndefu na i fupi. Ndefu: "feel", "leave", "seat", "reach", "these", "sheep". Fupi: "fill", "live", "sit", "rich", "this", "ship". Tahajia hapa inasaidia sana: katika maneno ya silabi moja, i fupi kwa kawaida huandikwa kwa herufi i peke yake, na i ndefu huandikwa kwa ea, ee, ie, au e yenye e nyingine mwishoni. Kwa hiyo ukitaka kusema jisikie huru, ni hisia, "feel free". "Fill" ni kujaza fomu. Likizo ni "leave", iwe "sick leave", "annual leave" au likizo ya uzazi, na cheti cha kuhitimu ni "leaving certificate" kwa kuwa unaondoka shuleni. Kumkaribisha mgeni ni "have a seat". Na "this people" ni kosa la kisarufi linalotokana na sikio: watu ni wengi, wanataka "these".

Chumba cha a kina msongamano zaidi. "Staff" ni wafanyakazi, "stuff" ni vitu. "Luck" ni bahati, "lack" ni ukosefu, kwa hiyo "good lack" ni dua mbaya. "Much", "match" na "March". "First" na "fast". "Bad", "bird" na "bud". Dalili za kutazama ni hizi: herufi u katikati ya neno fupi mara nyingi ni ile a fupi ya "cup", "much", "luck", herufi a ni ile a pana ya "cap", "match", "lack", na ir, ur, er ni sauti ambayo Kiswahili hakina kabisa, ya "first", "hurt", "person". "Heart" imejitenga na wote, ikariri tu.

Kwenye o, jozi hatari ni "want" na "won't". "I want be able to attend" inasomeka kama sentensi iliyokatika katikati. Kiswahili kinatatua: nataka ni "want", sita- ni "won't". Nyingine ni "cost", gharama, na "coast", pwani. Kwenye u kuna "full" na "fool", "pull" na "pool": oo mbili kwa kawaida ni ndefu, ingawa "good", "book" na "foot" zinakaidi.

Kufunza sikio kunafanyika hivi. Fungua kamusi ya Cambridge au ya Oxford ya wanafunzi mtandaoni, zote zina vitufe vya sauti bila malipo. Sikiliza "live", kisha "leave", mara kadhaa. Katika alama za matamshi, nukta mbili zinazofuata irabu maana yake ni ndefu. Ukishaona unasikia tofauti, mpe mtu mwingine simu acheze neno moja kati ya mawili bila wewe kutazama, nawe uandike. Ukiandika sahihi kila mara kwa siku mbili tatu mfululizo, hamia jozi nyingine. Usifanye jozi tano kwa pamoja. Sikio litazichanganya upya.

Kuna pia suala la l na r. Kiswahili kinazitofautisha, kula si kura, lakini lugha nyingi jirani hazifanyi hivyo. Tahajia ya Kigĩkũyũ haina l. Kwa Luganda, l na r ni sauti moja, na herufi r huandikwa baada ya e na i. Aliyekulia humo hana kosa lolote la ulimi, ila akiandika Kiingereza "collect" na "correct" zitambadilikia. Mizizi ya Kilatini inasaidia: "correct" ina "rect" ileile ya "direct" na "rectangle", mambo ya kunyoosha, "collect" ina "lect" ya "elect" na "select", mambo ya kuchagua na kukusanya. Kwa "pray" na "play", "glass" na "grass", "arrive" na "alive", hakuna mzizi wa kukuokoa. Ziingize kwenye orodha yako.

Hatua ya sita: tafuta ndugu wa neno

Yanabaki yale yanayosikika sawa kwa kila mtu na ambayo yote ni majina au yote ni sifa, kiasi kwamba sarufi haisaidii. Hapa unamtambua mtu kwa ukoo wake.

"Stationery" ni bidhaa za "stationer", kama "bakery" ilivyo mahali pa "baker". Ukiona muuzaji anaishia na er, duka linafuata. "Stationary" ni sifa, kisichosogea. Kichekesho ni kwamba mama yao ni mmoja: zamani wachuuzi wengi walizunguka, na muuza vitabu mwenye kibanda cha kudumu ndiye aliyeitwa "stationer". Chama chao cha London kilipewa hati ya kifalme mwaka 1557. Kwa hiyo lile duka la fotokopi halikukosea historia, limekosea tahajia.

"Principle" ni kanuni, na inaishia na le kama "rule". Kila kisicho kanuni ni "principal": mkuu wa chuo, alama za ufaulu za kidato cha sita Tanzania zinazoitwa "principal pass", na kile kiasi cha mkopo kabla ya riba. Soma mkataba wako wa benki, neno hilo limo.

"Council" ni baraza au halmashauri, kama ilivyo katika majina ya mabaraza ya mitihani ya Tanzania na Kenya. Mjumbe wake ni "councillor", diwani. "Counsel" ni ushauri, au wakili mahakamani, na "counsellor" ni mshauri nasaha. Mgonjwa aliyeelekezwa kwa "councillor" atafika ofisi ya kata.

Maneno tuliyoyakopa nayo ni mashahidi wazuri. Breki ya gari ni "brake". "Break" ni kuvunja au mapumziko. Mafundi wakienda saiti, wanaenda "site". "Sight" ni uwezo wa kuona, ndugu wa "light". "Cite" ni kunukuu, ndugu wa "citation", na ndiyo wanafunzi wa tasnifu wanayoitafuta. Mita ya umeme, kama ile ya LUKU, ni "meter" na mita mia za mbio ni "metres", kwa tahajia ya Uingereza.

Mengine kwa haraka: "complement" hukamilisha, ndugu wa "complete", na "compliment" ni sifa unayompa mtu. "Hear" ina "ear" ndani yake. "Here", "there" na "where" ni ndugu wa mahali. "Two" ina w ya "twin" na "twice". "Heroine" ni shujaa wa kike na "heroin" ni dawa ya kulevya, kwa hiyo hesabu herufi kabla ya kumsifu bibi yako. "Prophet" ni nabii, "profit" ni faida. "Altar" ni madhabahu, "alter" ni kubadilisha. "Bear with us" ni tuvumilieni, ndugu wa "unbearable", kisichovumilika.

Ukisoma maandishi ya Marekani utaona "check" kwa hundi, "license" kwa jina na kitenzi, "practice" vilevile, "tire" kwa tairi, "meter" kwa vyote viwili. Si makosa. Shule na ofisi za Afrika Mashariki kwa kawaida hufuata Uingereza: "cheque", "tyre", "storey" kwa ghorofa. Chagua upande mmoja kwa waraka mzima.

Hatua ya saba: pitia kazi kabla ya kutuma

Kikagua tahajia cha kompyuta hakitakuokoa. Kazi yake ya msingi ni kupigia mstari maneno yasiyomo kwenye kamusi, na "fill" imo, "free" imo. Simu nyingine hukuwekea ritifaa kwenye "its" bila kuulizwa. Programu mpya za kusahihisha sarufi zinakamata zaidi, lakini zitumie baada ya kuamua mwenyewe, la sivyo orodha yako haitapungua kamwe.

Fungua kisanduku cha kutafuta, andika neno la kwanza kwenye orodha yako, tuseme "there", na usimame kila linapotokea. Lipime kwa Kiswahili, endelea. Kwa barua ya ukurasa mmoja ni kazi ya dakika chache. Neno ambalo hujalikosea kwa muda mrefu lifute, weka lingine.

Jipime na sentensi hizi. Kila moja ina zaidi ya kosa moja.

1. The principle has excepted there advise.
2. Its to late, the bank has lost it's licence.
3. I want be at work tomorrow because I am on sick live.
4. Who's bag is laying on the floor?
5. Prices have raised and this will effect all our stuff.

Majibu. Ya kwanza: "The principal has accepted their advice", mkuu amekubali ushauri wao. Ya pili: "It's too late, the bank has lost its licence". Licence yenyewe iko sawa, ni jina. Ya tatu: "I won't be at work tomorrow because I am on sick leave", sitakuwepo, niko likizo. Ya nne: "Whose bag is lying on the floor?", kwa kuwa begi limelala, halilazi kitu. Ya tano: "Prices have risen and this will affect all our staff", bei zimepanda zenyewe, na jambo hili litaathiri. Kwenye "stuff" hata hivyo, kama mwandishi ni mwenye duka na alimaanisha bidhaa zake na si wafanyakazi wake, basi hakukosea. Sarufi haiwezi kukuambia ipi ni ipi; itabidi umuulize.